Ripoti nyingi za matukio hazimaanishi hospitali ni hatari

Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye magrupu: orodha ya hospitali na idadi ya ripoti zao za matukio ya usalama wa wagonjwa, na chini yake onyo kwamba iliyo juu kabisa ndiyo inayoua watu. Hofu hiyo inaeleweka, lakini hitimisho lake si sahihi.

Ripoti hizo kwa kawaida huandikwa na wahudumu wenyewe. Zinahusu mgonjwa aliyeteleza, dawa iliyochelewa, hata kosa lililonaswa mapema: muuguzi anahakiki jina, anagundua sindano ni ya mgonjwa mwingine, anairudisha na kuandika ripoti. Hakuna aliyeumia, ila idadi imepanda. Mimi ningehofia zaidi hospitali kubwa isiyo na ripoti hata moja, kwa sababu makosa hutokea kila penye binadamu. Yasipoandikwa, huenda wahudumu wanaogopa kuadhibiwa.

Wengi huchanganya ripoti ya tukio na malalamiko au kesi, kumbe lengo lake ni kujua chanzo ili kosa lisijirudie.

Ukitaka kuhakiki, tafuta takwimu zenyewe. Zinahesabu nini, kwa muda gani, kati ya wagonjwa wangapi? Ngapi zilileta madhara makubwa? Na hospitali ilibadilisha nini baadaye?

Tafadhali, ujumbe huo ukikufikia usiusambaze. Unaweza kumfanya mgonjwa aahirishe matibabu anayoyahitaji, na muuguzi anyamaze pale alipopaswa kuandika.