Bingwa wa Machi: dhana potofu kuhusu utabiri wa msimu wa besiboli

Ikifika katikati ya Machi, ghala ninalofanyia kazi hapa Chicago hugeuka kijiwe. Mzee mmoja wa forklift, mzaliwa wa South Side, upande wa kusini wa jiji, na shabiki damu damu wa White Sox, timu ya huko, hukata upande mmoja wa boksi, akachora mistari kwa kalamu nyekundu na kuorodhesha timu zote 30 za ligi kuu ya besiboli. Kila mtu anajaza safu yake: timu hii itashinda mechi ngapi kati ya 162? Boksi linabandikwa karibu na mashine ya kahawa, na kuanzia siku hiyo hakuna amani mpaka mpira wa kwanza urushwe mwishoni mwa mwezi. Mimi niliyekulia kwenye ubishi wa Simba na Yanga nilidhani hakuna utani wa jadi utakaonishangaza. Kumbe watu wanaweza kununiana wiki nzima kwa mechi ambazo hazijachezwa.

Humo ndimo nilimozisikia dhana hizi, nyingine zikitoka kinywani mwangu mwenyewe.

Dhana: "Kompyuta imetupa ushindi 72, maana yake imesema hatufai."

Ukweli: namba hiyo haikuahidi kitu. Ni wastani tu.

Mfumo wa makadirio unaotajwa zaidi mbele ya boksi letu ni PECOTA, uliobuniwa na Nate Silver na kuanza kuchapishwa na Baseball Prospectus mwaka 2003. Unachukua takwimu za kila mchezaji za miaka ya karibuni na kuupa uzito zaidi mwaka uliopita. Kisha unamrudisha kila mmoja kidogo kuelekea kiwango cha kawaida, kwa sababu aliyetia fora mwaka jana kuna uwezekano mkubwa kwamba bahati ilimbeba kiasi. Umri nao unahesabiwa, pamoja na muda ambao mchezaji anatarajiwa kuwa uwanjani. Kutokana na hapo unakadiria idadi ya mikimbio ambayo timu itapata na itakayoruhusu (mkimbio ni mchezaji kuzunguka vituo vyote na kurudi alikoanzia, ndilo bao la mchezo huu). Mwisho msimu mzima unachezwa ndani ya kompyuta mara maelfu. Kuna msimu wa kompyuta ambao timu hiyohiyo inashinda 60, na mwingine inashinda 88. Kinachotangazwa ni kilicho katikati.

Mzee wa forklift ana kisa anachokipenda na kingine asichotaka kukisikia, na vyote vina namba moja. Mwaka 2006 White Sox walishinda 90 na kupoteza 72. Kabla ya msimu wa 2007, PECOTA ikawapa ushindi 72. South Side walicheka. Timu ilikuwa imetwaa ubingwa mwaka 2005, wa kwanza tangu 1917, na ina kikosi karibu kilekile, itaporomokaje mechi 18? Msimu ukaisha: ushindi 72, kupoteza 90. Namba za mwaka uliotangulia zikiwa zimepinduliwa kichwa chini.

Basi ukidhani hiyo kompyuta ina majini, nenda mwaka 2015. PECOTA iliwapa Kansas City Royals ushindi 72 wakati walikuwa wametoka kucheza fainali ya World Series mwaka uliotangulia. Royals wakashinda 95 na kuchukua kombe kwa kuwafunga New York Mets mechi nne kwa moja. Kosa la mechi 23. Na mfumo wenyewe umepewa jina la Bill Pecota, mchezaji wa kawaida tu aliyevaa jezi ya hao hao Royals miaka ya 1980. Mwenye nyumba kaumwa na mbwa wake.

Sasa, kati ya hizo 72 mbili, ipi ilikuwa utabiri mzuri? Shabiki atasema ya kwanza. Lakini huwezi kupima mfumo kwa timu moja, kama usivyoweza kumpima mtabiri wa mvua kwa siku moja uliyolowa. Unazichukua timu zote 30, mwaka baada ya mwaka, na kulinganisha na mtu aliyekisia tu kwamba kila timu itarudia namba ya mwaka jana. Huyo wa kukisia hushindwa. Hashindwi kwa mbali anavyotarajia mtu wa hesabu, ila hushindwa.

Dhana: "Mechi 162 ni nyingi mno, bahati inajifuta yenyewe."

Hii niliiamini kwa muda mrefu kuliko zote. Kwenye ligi ya mpira wa miguu yenye mechi 30 naelewa bahati ikifanya mambo yake, lakini 162? Karibu kila siku kwa miezi sita?

Chukua shilingi uirushe mara 162. Wastani ni vichwa 81. Hesabu ya kawaida ya uwezekano inasema mara nyingi, kama mara mbili katika kila tatu, utapata kati ya 75 na 87. Shilingi haijabadilika. Haikuumia bega, haikugombana na kocha. Sasa badilisha shilingi kwa timu ya wastani: bila kubadilika ubora hata chembe, inaweza kumaliza na 75 kocha akafukuzwa, au na 87 watu wakamjengea sanamu. Msimu wa 2025, nafasi ya mwisho ya kuingia mtoano upande wa National League (ligi kuu ina pande mbili, huu na American League) ilichukuliwa na Cincinnati Reds waliokuwa na ushindi 83. Mets nao walikuwa na 83. Reds wakapita kwa sababu ya matokeo yao walipokutana, Mets wakarudi nyumbani.

Ndiyo maana mtu makini akitabiri 85 na timu ikamaliza na 80, hajakosea sana. Katika besiboli hapo kalenga ndani ya uwanja.

Dhana: "Timu fulani inajua kushinda mechi ngumu, hilo kompyuta hailioni."

Kaka mmoja wa Bukavu tunayefanya naye zamu ya usiku huleta hii kila mwaka, na huileta vizuri, kwa sauti ya mhubiri. Timu yenye moyo. Timu inayoshinda kwa mkimbio mmoja kwa sababu wachezaji hawatetereki.

Kuna timu iliyowahi kuonekana hivyo kuliko zote: Baltimore Orioles wa 2012. Mechi zilizoamuliwa kwa mkimbio mmoja walishinda 29 na kupoteza 9. Msimu mzima walipata mikimbio 712 na kuruhusu 705, tofauti ya saba tu, ambayo kwa kawaida ni ya timu ya nusu kwa nusu. Lakini walimaliza na ushindi 93. Machi iliyofuata mashabiki wao walikuwa na majibu tayari kwa yeyote aliyetaja bahati: kocha Buck Showalter, na Jim Johnson, mrushaji wa kumalizia mechi aliyekuwa amelinda ushindi mara 51.

Mwaka 2013 kocha alikuwa yuleyule. Johnson alikuwa yuleyule, tena akalinda ushindi mara 50. Mechi za mkimbio mmoja: kushinda 20, kupoteza 31.

Moyo upo, sikatai. Ila ukitaka kujua timu itafanya nini mwakani, tofauti ya mikimbio yake ya mwaka huu inakuambia mengi kuliko idadi ya ushindi wake. Bill James, mwandishi wa takwimu za besiboli, aliliwekea jambo hili kanuni miaka mingi iliyopita, na mifumo yote ya leo inatembea juu yake kwa namna moja au nyingine. Kaka wa Bukavu anaijua kanuni hiyo. Anaikubali kwa timu za watu wengine.

Dhana: "Umeona alivyocheza Arizona? Huyu mwaka huu hakamatiki."

Februari na Machi timu 15 hujinoa Arizona na 15 Florida. Mechi zinachezwa, matokeo yanaandikwa, na watu wazima wenye familia wanayachukulia kama habari.

Mwaka 2018 Shohei Ohtani alifika kutoka Japani, mtu anayerusha na kupiga. Katika mechi za maandalizi alipata mipigo 4 katika majaribio 32, na alipopewa zamu ya kurusha aliruhusu mikimbio kwa kiwango cha 27 kwa kila ingwe tisa (ingwe ni kipindi ambacho kila timu inapata zamu ya kupiga, na mechi ya kawaida ina tisa), aibu hata kuitamka. Wapo waliosema arudishwe ligi za chini kwanza. Msimu ulipoisha alikuwa mchezaji mpya bora wa American League.

Sababu ni za kawaida. Mrushaji mkongwe anaweza kurusha mpira wa aina moja mchana kutwa kwa kuwa ndio anaoufanyia mazoezi. Nyota hutoka mapema kwenda kuoga, na ikifika ingwe ya nane unayemwona ni kijana mwenye jezi namba 87 ambaye Aprili atakuwa kwenye basi la ligi ndogo. Hewa kavu ya Arizona nayo inaubeba mpira. Kama lazima utazame kitu, tazama kasi ya mirusho: bega lililopona au lililochoka huonekana hapo kabla ya kwingine kokote. Matokeo yaache.

Dhana: "Mwenye hela ndiye bingwa, utabiri wa nini?"

Nusu yake ni kweli. Los Angeles Dodgers wametumia fedha nyingi na wamechukua kombe 2024 na 2025. Kabla yao hakuna aliyelitetea tangu Yankees wa 1998 hadi 2000. Lakini New York Mets walianza 2023 na mishahara ya zaidi ya dola milioni 300, wakashinda mechi 75, wakawauza Max Scherzer na Justin Verlander katikati ya msimu. Desemba 2024 wakamsajili Juan Soto kwa dola milioni 765 kwa miaka 15. Juni 12, 2025 walikuwa na rekodi bora ya ligi nzima, ushindi 45 kwa vipigo 24. Mwisho wao nimeshausimulia hapo juu.

Nyota peke yake ndiye anayedanganya zaidi. Los Angeles Angels walikuwa na Ohtani na Mike Trout pamoja kuanzia 2018 hadi 2023. Hawakumaliza hata msimu mmoja wakiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Mpigaji bora duniani anapewa zamu kama nne au tano kwa mechi, halafu anakaa benchi kuwatazama wengine wanane. Hela inayofaa ni ile inayonunua mtu wa 20 na wa 26 kwenye kikosi, wale ambao hakuna anayewataja mbele ya boksi.

Dhana: "Wakianza vizuri Aprili, mambo yamekwisha."

Tampa Bay Rays walianza 2023 kwa ushindi 13 mfululizo, wakatolewa mapema kwenye mtoano na Texas Rangers kwa mechi mbili tu. Washington Nationals wa 2019 walikuwa 19 kwa 31 mwishoni mwa Mei, wakabeba kombe. Sina la kuongeza.

Dhana: "Mlisema Dodgers, Dodgers wamechukua, kwa hiyo mlijua."

Hapa ndipo wataalamu wenyewe hujivika taji lisilo lao. Kabla ya msimu wa 2025 Dodgers walitabiriwa ushindi zaidi ya 100, na wapo waliozungumza kuivunja rekodi ya Seattle Mariners wa 2001, waliofikisha 116. Walianza 8 kwa 0. Wakamaliza na 93. Milwaukee Brewers, timu ya mji mdogo na mfuko wa wastani, wakaongoza ligi nzima kwa 97.

Halafu mechi ya saba ya fainali, Toronto. Blue Jays, ambao mwaka uliotangulia walishinda 74 tu, walikuwa mbele kwa mkimbio mmoja katika ingwe ya tisa, wamebakiza kuwatoa wapigaji wawili. Akaja Miguel Rojas, mpigaji wa tisa kwenye orodha, mtu wa kulinda zaidi kuliko kupiga, akaupiga mpira hadi jukwaani, na huo ni mkimbio moja kwa moja. Sare. Dodgers wakashinda ingwe ya 11. Mrusho ule ungekuwa chini kwa upana wa vidole viwili, wote waliosema "nilijua" wangekuwa wanaeleza kwa nini hawakujua. Nao Mariners wa 116? Hawakufika hata fainali.

Kwa hiyo timu ikipewa nafasi 25 katika 100 za ubingwa na ikachukua, utabiri ule ulikuwa umesema pia kwamba kuna nafasi 75 ikose. Watu wetu wa mikeka wanaielewa hii vizuri, mpaka mkeka wenyewe uwe wa timu yao.

Mimi nina kovu langu. Machi 2024 niliwaandikia White Sox ushindi 70. Nilijiona mkali, maana mzee wa forklift aliniangalia kama nimemtukana mama yake. Walishinda 41 na kupoteza 121, vipigo vingi kuliko timu yoyote ya zama za kisasa, hata kuwapita Mets wa 1962. Mwaka 2025 wakafika 60.

Boksi la mwaka huu limebandikwa juzi. Safu yangu inasema 66. Ya mzee, kwa kalamu ileile nyekundu, inasema 81 kama kawaida yake.