Je, wajua? Mradi wa maadili unaweza kufaulu, na dodoso likasema umefeli

Andiko la mradi wa maadili au wa kujenga amani shuleni likikataliwa, maelezo huwa yaleyale: wafadhili hawajali tabia, wanataka madarasa, madawati na kompyuta, vitu vinavyopendeza kwenye picha. Maelezo hayo yanafariji, lakini hayasimami. Wakfu wa John Templeton, ulioanzishwa mwaka 1987, una eneo zima la ufadhili kwa ajili ya kukuza tabia njema. Wakfu wa Rotary, mtandao wa klabu za kujitolea, umeweka ujenzi wa amani na uzuiaji wa migogoro miongoni mwa maeneo yake 7. Umoja wa Mataifa una Mfuko wa Kujenga Amani tangu 2006, na shabaha ya 4.7 ya Malengo ya Maendeleo Endelevu inataja waziwazi utamaduni wa amani. Novemba 2023 UNESCO ilipitisha pendekezo jipya kuhusu elimu kwa ajili ya amani, haki za binadamu na maendeleo endelevu, kuchukua nafasi ya lile la 1974. Ulimwengu usiojali maadili usingeandika karatasi zote hizo.

Kinachokwamisha mapema ni njia ya kuomba. Fedha nyingi za aina hii hazitolewi kwa shule moja kwa moja. Ruzuku ya kimataifa ya Rotary huanzia bajeti ya dola 30,000, na waombaji ni klabu au wilaya mbili za Rotary, moja katika nchi ya mradi na nyingine nje yake. Shule ni mnufaika tu. Programu ya Ushiriki ya UNESCO hupitia Tume ya Taifa ya UNESCO ya nchi husika. Templeton huanza na maelezo mafupi ya wazo, na wanaochaguliwa ndio hualikwa kuleta andiko kamili. Shule inayotuma andiko la kurasa 20 bila kualikwa imefanya kazi kubwa ambayo huenda isisomwe.

Halafu kuna suala la majina. Anayetafuta ruzuku kwa maneno “elimu ya maadili” atapata wachache. Sehemu kubwa ya fedha imekaa chini ya vichwa vingine: kuzuia ukatili shuleni, kupinga uonevu, ulinzi wa mtoto, stadi za maisha, ushiriki wa vijana, utangamano wa kijamii. Mradi uleule wa kufundisha wanafunzi kusuluhisha ugomvi unaweza kuingia chini ya vichwa vitatu au vinne kati ya hivyo bila kubadilisha shughuli hata moja.

Lakini hata waliopita mlango sahihi huangukia ukurasa mmoja: ule wa viashiria, yaani vipimo vya kuonyesha kama mradi umefaulu. “Asilimia 80 ya wanafunzi watakuwa wavumilivu zaidi,” halafu kipimo ni dodoso la kujijibia, yaani maswali ambayo mwanafunzi anajipa alama mwenyewe, mwanzoni na mwishoni mwa mradi. Msomaji mzoefu wa maandiko hushtuka hapo, na sababu yake ni ya ajabu kiasi cha kustahili muda wetu.

Chukua sentensi ya kawaida ya dodoso: “Huwa nawasikiliza wenzangu hata tunapotofautiana,” jibu kuanzia 1 hadi 5. Mwanafunzi ambaye hajafundishwa lolote kuhusu kusikiliza anajipa 4 bila wasiwasi; kwake, kunyamaza mwenzake akiongea kunatosha. Baada ya miezi 6 ya mijadala na mazoezi ya usuluhishi, anajua kwamba kusikiliza ni pamoja na kurudia hoja ya mwenzako kwa usahihi kabla ya kuipinga. Anajikagua, anakumbuka alivyomkatiza mtu juzi, anajipa 3. Tabia imepanda, alama imeshuka.

Ni kama mtu anayejiunga na kwaya. Siku ya kwanza anaimba kwa nguvu zote na hajioni na kasoro, kwa sababu sikio lake halijajua kutofautisha noti. Mwalimu akimfundisha kusikia, tunda la kwanza la mafunzo ni kugundua kwamba anatoka nje ya sauti. Mwambie ajipe alama wiki hiyo, atajishusha chini ya alama ya siku ya kwanza. Waulize wanaomsikiliza, watasema ameboreka. Sikio limekua haraka kuliko koo, na dodoso limeliuliza sikio.

Kwa maneno mengine, dodoso la kujijibia hupima tabia ikilinganishwa na kiwango kilichomo kichwani mwa anayejibu, na mradi mzuri wa maadili hupandisha kiwango hicho. Utafiti uliochapishwa 2016 kuhusu wanafunzi wa Boston, Marekani, ulikuta hali inayofanana na hii. Wanafunzi wa shule za umma zinazoendeshwa kwa mkataba walijipa alama ndogo za kujidhibiti na ustahimilivu kuliko wenzao wa shule za kawaida, ilhali maendeleo yao katika mitihani yalikuwa makubwa zaidi. Watafiti walitaja kupanda kwa kiwango kama maelezo yanayowezekana. Hilo si sawa na kuthibitisha. Huenda mazingira ya shule hizo yalikuwa na athari nyingine.

Ushahidi wa jumla nao una pande mbili. Ripoti ya 2010 ya taasisi ya utafiti ya Wizara ya Elimu ya Marekani ilichunguza programu 7 za tabia kwa wanafunzi wa darasa la 3 hadi la 5, kwa vipimo 20, na kwa wastani haikuona mabadiliko. Ila shule za kulinganishwa nazo zilikuwa na shughuli nyingi za namna hiyohiyo. Uchambuzi wa 2011, uliounganisha programu 213 za stadi za kijamii na kihisia shuleni zenye wanafunzi zaidi ya 270,000, ulikuta nafuu hadi kwenye masomo, hasa pale mafunzo yalipofuata mpangilio, yakawa ya vitendo, yakatengewa muda wake na kutaja wazi stadi inayofundishwa. Andiko linalotaja uchambuzi wa 2011 na kuficha ripoti ya 2010 linajidhuru lenyewe.

Basi ukurasa wa viashiria uandikweje? Dodoso si lazima litupwe. Mwishoni mwa mradi, uliza mambo mawili katika kikao kimoja: ulivyo sasa, na ulivyokuwa kabla ya mradi ukikumbuka. Anayejibu atatumia kiwango kimoja kwa yote mawili. Udhaifu wake ni kwamba mtoto hupenda kumfurahisha mwalimu, kwa hiyo kipimo hiki hakiwezi kusimama peke yake.

Kiegemeze kwenye vitu vya kuhesabika: mapigano yaliyoandikwa kwenye daftari la nidhamu kwa mihula miwili kabla ya mradi na miwili baada, kwa fomu ileile; ugomvi uliosuluhishwa na wanafunzi ambao haukujirudia ndani ya siku 30; au dakika 20 za uchunguzi darasani, afanye mtu asiyefundisha darasa hilo. Nusu ya mikondo ianze muhula wa 1, iliyobaki muhula wa 3, ili kundi linganishi lipatikane bila kumnyima mtoto yeyote mafunzo. Kila mwanafunzi apewe namba ya siri. Bila hiyo, majibu ya mwanzo na ya mwisho hayawezi kuunganishwa: wakianza 300 na 60 wakahama, unaowalinganisha ni 240 tu, na lazima ujue ni akina nani. Yote haya hugharimu, kwa hiyo asilimia 5 hadi 10 ya bajeti kwa ufuatiliaji na tathmini ni makadirio ya kawaida.

Mtego wa mwisho upo kwenye miradi ya kupinga uonevu. Wanafunzi wakifundishwa kuripoti, ripoti huongezeka, na mfadhili anayetazama jedwali bila maelezo huona uonevu umezidi. Andika ndani ya andiko, kabla fedha hazijatoka, kwamba muhula wa kwanza unatarajia ripoti kuongezeka. Pembeni yake weka viashiria viwili visivyodanganyika kirahisi: malalamiko mangapi yameshughulikiwa ndani ya siku 7, na wanafunzi wangapi wameonewa tena baada ya kuripoti.