Mama kaacha karatasi: dhana potofu kuhusu wosia wa mjane

Msiba wa baba ukiisha, mara nyingi hakuna anayegusa mirathi. Mama yupo, nyumba ipo, kodi za wapangaji zinamfikia, na mtoto atakayetamka neno "kugawana" ataonekana anamtoa mama yake nje. Inapita miaka kumi, kumi na mitano. Mama naye anafariki, na arobaini ikishasomwa mmoja wa ndugu anatoa karatasi. Kuanzia hapo kila mtu anaamini familia inagombania wosia wa mama. Ukizichambua hoja zao, wengi wanagombania mirathi ya baba ambayo haikuwahi kufunguliwa.

"Nyumba aliyoacha mume ni ya mjane, anaweza kumwandikia amtakaye"

Hii nitakaa nayo kidogo, kwa sababu ndiyo inayozaa nyingine nyingi.

Tuseme nyumba iko Buguruni, Dar es Salaam: vyumba sita, korido katikati, mabanda mawili uani na fremu mbili zinazotazama barabara. Baba ndiye aliyenunua, na karatasi ya mauziano ina jina lake peke yake na muhuri wa serikali ya mtaa. Ameacha mke mmoja, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Wazazi wake walishatangulia. Familia ni ya Kiislamu, na nyumba tuipe thamani ya shilingi milioni 80.

Kwa sheria ya Kiislamu mke anapata thumni, yaani moja ya nane, kwa kuwa marehemu ana watoto. Hiyo ni milioni 10. Milioni 70 zinazobaki ni za watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja: kila kaka milioni 20, kila dada milioni 10. Haki hizo zilipatikana siku baba alipokata roho, hata kama hakuna aliyekaa chini kuzipigia hesabu. Miaka yote ile mama alikuwa anaishi na kukusanya kodi kwenye nyumba ambayo mafungu saba kati ya manane ni ya wanawe.

Sasa mama kaandika: "Nyumba hii namwachia mwanangu wa mwisho, ndiye aliyeniuguza." Karatasi inaweza kuwa haina doa, mashahidi wapo, tarehe ipo. Lakini haiwezi kumpa mtoto wa mwisho kitu ambacho mama hakuwa nacho. Hata ile milioni 10 yake ina mipaka: wosia wa Kiislamu hauvuki theluthi ya mali, tena hauendi kwa mtu ambaye tayari ni mrithi mpaka warithi wenzake waridhie. Ndugu wanne wakikubali, mtoto wa mwisho anapata nyumba kwa ridhaa yao. Wakikataa, anabaki na fungu lake kama wengine.

Wakiwa Wakristo waliokuwa wakifuata sheria ya serikali, hesabu inageuka. Inayotumika Tanzania Bara ni Sheria ya Mirathi ya India ya mwaka 1865. (India wenyewe waliandika nyingine mwaka 1925. Sisi bado tunayo ile ile.) Mjane anapata theluthi, watoto theluthi mbili kwa usawa, wa kiume kwa wa kike. Kwa nyumba yetu ya Buguruni, mama ana milioni 26 na ushei, na hizo anaweza kumwachia yeyote, hata kanisa au binti wa kazi aliyeishi naye. Za watoto hawezi kuzigusa.

Kuna hali moja ambapo mjane huchukua nyumba nzima bila kugawana: pale hati ilipoandikwa kwamba mume na mke wanamiliki kwa pamoja, bila hisa. Mmoja akifa, haki yake inahamia kwa aliyebaki. Ikiwa hati inaonyesha kila mmoja ana hisa yake, hisa ya marehemu inaingia kwenye mirathi. Watu wanaona majina mawili kwenye hati na kudhani yameshamaliza kila kitu. Inategemea yameandikwaje.

"Mjane hana chake, mali ni ya ukoo"

Hii huja na basi la mkoani, imebebwa na baba mdogo au shemeji mkubwa. Nayo haikutoka hewani. Sheria ya mila iliyotangazwa kwa Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963 inasema mjane hana fungu kama marehemu kaacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Tanzania imekiuka haki za wajane wawili walionyimwa mali za waume zao kwa kutumia mila hizo.

Ila mila haimfuati mtu kwa sababu tu jina lake ni la kabila fulani. Mahakama inaangalia marehemu aliishi vipi na alikusudia nini. Aliyefunga ndoa msikitini au kanisani, akajenga Mbagala, akazikwa Kinondoni, na kijijini alikuwa anakwenda kwenye misiba tu, si rahisi shemeji akaja na mila siku ya tatu ya matanga na ikakubalika.

Kisha kuna mali ya mjane mwenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanamume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Kiwanja cha Chamazi alichonunua kwa pesa ya mama lishe, akiba ya kikoba, cherehani, akaunti yake: hivyo havikuwa vya marehemu na haviingii kwenye mirathi yake. Ni juu ya hivyo, pamoja na fungu lake kwa mumewe, ndipo wosia wa mjane unapokuwa na nguvu. Sheria hiyo hiyo inasema mjane yuko huru kuishi anapotaka, kubaki bila mume au kuolewa na anayemtaka, kwa hiyo habari ya "kurithiwa" na shemeji haina nafasi bila hiari yake.

Kuhusu mabinti kurithishwa ardhi ya ukoo, kuna hukumu ambayo wanasheria wetu hawachoki kuitaja. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, aliachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia, na mwaka 1988 akaliuza. Jamaa wa ukoo akaenda mahakamani kudai mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba wanawake wana haki ya kuuza kama wanaume, kwa sababu Katiba inakataza ubaguzi. Baba mdogo akianza na "mtoto wa kike hauzi", mtajieni kesi hiyo.

"Karatasi yenye dole gumba na muhuri ni wosia"

Karatasi yenyewe mara nyingi ni ukurasa uliochanwa kwenye daftari la mistari. Wino wa bluu, mwandiko wa mjukuu, dole gumba la zambarau chini, na muhuri wa mwenyekiti wa mtaa uliogongwa kwa nguvu hadi umevuja. Inaonekana rasmi. Muhuri huo unaonyesha tu kwamba karatasi ilipita kwenye ofisi ile. Haujazi nafasi ya mashahidi.

Kwa sheria ya serikali wanahitajika mashahidi wasiopungua wawili, walioshuhudia mwenye wosia akiweka sahihi au dole, nao wakasaini mbele yake. Shahidi asiwe aliyeachiwa kitu wala mume au mke wake. Akiwa hivyo, wosia unabaki hai lakini zawadi yake inaanguka. Hapo ndipo watoto "watiifu" wengi wanapojiumiza: mama anamwachia kiwanja, naye kwa upendo anajiandika shahidi namba moja.

Kwa sheria ya mila, anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Asiyejua anahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje, na wosia wa mdomo nao unahitaji wanne. Kwa hiyo "mama aliniambia mimi peke yangu, usiku, wodini" haufiki popote, hata kama alisema kweli.

Na mwenye wosia awe na akili timamu, asiwe amelazimishwa. Mama aliyekuwa hamtambui hata mwanawe wiki nzima, halafu karatasi ikawa na tarehe ya wiki hiyo hiyo, mahakama itauliza maswali. Wanaotengeneza wosia wa bandia wajue Kanuni ya Adhabu inaruhusu kifungo cha maisha kwa kughushi wosia. Watu wanalifanya kama utani wa familia.

Si lazima kumlipa wakili. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, huandika wosia na kuuhifadhi, na faida yake kubwa ni huo uhifadhi. Wosia uliowekwa chini ya godoro hupatikana na anayetandika kitanda.

"Kuandika wosia ni kujitabiria kifo"

Waliokufa bila wosia ni wengi kuliko walioandika, na hakuna aliyepona kwa kutokuandika. Tuendelee.

"Ukoo umemteua kaka, kwa hiyo mali ni ya kaka"

Kuna makosa mawili ndani ya sentensi moja.

La kwanza ni kikao. Kikao cha familia ni kitu kizuri, na makarani wengi wa mahakama watakuuliza muhtasari wake. Lakini kikao kinapendekeza tu. Anayeteua msimamizi ni mahakama, na kikao hakina uwezo wa kuufuta wosia halali wala kumwondoa mrithi kwa kupiga kura. Hali ni hiyo hiyo kwa sheikh au mchungaji: anaweza kuwapatanisha na kuwapigia hesabu ya mafungu mkaridhika, ila benki na ofisi ya ardhi zitataka hati ya mahakama.

La pili ni kubwa zaidi. Msimamizi wa mirathi ni mtumishi wa warithi. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa gharama za mazishi na madeni (na mikopo ya marejesho ya kila wiki ni madeni), kisha kugawa. Akiteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, ndani ya miezi minne anatakiwa kujaza Fomu Namba 5 inayoorodhesha mali na madeni, na baadaye Fomu Namba 6 inayoonyesha hesabu. Kwa aliyeteuliwa na Mahakama Kuu au ya Wilaya, orodha ni ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka. Kaka anayekusanya kodi za fremu mwaka wa nne bila fomu hata moja hajawa mwenye nyumba. Amechelewa, na dada zake wanaweza kwenda mahakamani kuomba aeleze, au uteuzi wake utenguliwe kwa kufanya kazi kinyume na maslahi ya warithi.

Hapa Dar es Salaam mashauri haya yana mahali pake, Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia, Temeke, kilichoanza mwaka 2021. Mirathi na ndoa, kuanzia Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu, ziko kwenye jengo moja. Asiye na uwezo wa kulipa wakili aulizie huko huko msaada wa kisheria, au aende kwa mashirika ya wanasheria wanawake kama TAWLA na WLAC.

"Aliyemuuguza mama ndiye mwenye nyumba"

Moyoni wengi tunakubali. Aliyebeba ndoo, aliyebadilisha nepi, aliyelala kwenye mkeka kando ya kitanda, halafu ndugu wa Mwanza anakuja na suti kudai sawa! Lakini kuuguza peke yake hakuongezi fungu kisheria. Mila inaligusa kwa upande wa pili tu: mwenye wosia anaweza kumnyima mrithi aliyemtelekeza akiwa mgonjwa au na njaa bila sababu ya msingi, mradi aandike sababu waziwazi na mtoto huyo apewe nafasi ya kujitetea. Kwa Waislamu mtoto hanyimwi fungu kwa wosia.

Mama anayetaka kumshukuru mwanawe ana njia iliyonyooka zaidi: ampe akiwa hai na mzima, kwa mali iliyo yake kweli, na amkabidhi. Ikiwa ni kiwanja, kihamishwe jina wakati huo huo. Kwa Waislamu, hiba iliyotolewa kwenye ugonjwa wa mauti inahesabiwa kama wosia, na inarudi kwenye ile theluthi.

"Mjane akiolewa tena anarudisha alichorithi"

Kwa sheria ya Kiislamu na ya serikali, fungu lake likishakuwa lake linabaki lake. Wifi hawezi kumfuata kwa mume mpya kudai kabati. Kinachoguswa na ndoa hiyo ni kitu kingine ambacho wachache wanakijua: kwa sheria ya serikali, ndoa mpya inafuta wosia ulioandikwa kabla yake. Ule aliouandika akiwa mjane, hata kama uko RITA na mashahidi wote wako hai, hauna nguvu tena mpaka auandike upya. Na mume mpya sasa ni mmoja wa warithi wake.