Sanamu ya Mtia Saini kule Philadelphia, mambo mengi tunayoambiana sio

Ukifika Philadelphia, Marekani, kona ya Chestnut na mtaa wa 5, karibu kabisa na Independence Hall, lile jengo ambamo Azimio la Uhuru na Katiba ya Marekani vilipitishwa, kuna kabustani kana sanamu ya shaba ya mwanaume kavaa kizamani kainua karatasi juu. Kaitengeneza EvAngelos Frudakis mwaka 1980, inaitwa Mtia Saini.

Wengi wanasema ni George Washington. Hapana jamani. Washington hakusaini kabisa Azimio la Uhuru, lile tangazo la Marekani kujitenga na Uingereza, Julai 1776 alikuwa New York na jeshi lake, saini yake iko kwenye Katiba ya 1787. Sanamu imewekwa kwa heshima ya wote waliosaini Azimio na Katiba, ila mtu ambaye msanii alimfikiria ni George Clymer, mfanyabiashara wa hapohapo Philadelphia, mtu aliyebaki yatima tangu mdogo sana na leo hata Wamarekani wengi hawamjui. Mimi naona alichagua vizuri mno, maana angemweka Benjamin Franklin, msaini maarufu kuliko wengi, watu wote wangeona Franklin tu na wale wengine wangesahaulika.

Kwa nini Clymer? Hapa ndo kuna dhana nyingine, kwamba walioandika Azimio ndo haohao walioandika Katiba. Azimio lilisainiwa na watu 56, Katiba 39, na waliosaini zote mbili ni 6 tu: Clymer, Franklin, Robert Morris, James Wilson, George Read na Roger Sherman. Thomas Jefferson mwenyewe, aliyeandika rasimu ya Azimio, wakati wa Katiba alikuwa Paris kama balozi, na John Adams alikuwa London.

Afu hii ya kwamba wote walisaini tarehe 4 Julai, ndo imeshika kuliko zote. Kura ya kujitenga na Uingereza ilipigwa tarehe 2, maneno ya Azimio yakapitishwa tarehe 4, ila wengi wao walitia saini tarehe 2 Agosti na wengine baadaye zaidi, mfano Matthew Thornton wa New Hampshire alisaini Novemba.

Na sio kwamba walikubaliana wote. Kwenye Katiba, wajumbe watatu wa mkutano ulioiandika waliokuwepo hadi siku ya mwisho, George Mason, Elbridge Gerry na Edmund Randolph, waligoma kusaini, na Mason moja ya sababu zake ni kwamba hakukuwa na orodha ya haki za raia, ambayo baadaye iliongezwa kweli mwaka 1791. Lakini tuseme ukweli wote: Mason huyohuyo alikuwa anamiliki watumwa, na wengi wa waliosaini lile Azimio linalosema watu wote wameumbwa sawa walikuwa nao pia. Hilo mtu anapaswa kulijua anaposimama chini ya ile sanamu.

La mwisho, watu hudhani majina ya waliosaini Azimio yalitangazwa palepale. Wapi! Kwa Uingereza ule ulikuwa uhaini, kitanzi kabisa, kwa hiyo nakala ya kwanza iliyochapishwa ikiwa na majina ya waliosaini ilitoka Januari 1777, na aliyeichapa ni mwanamke wa Baltimore, Mary Katherine Goddard. Chini ya majina yao akaweka na lake, kaliandika lote kamili.