Filta ya HEPA haifuliwi, hata kwa maji matupu

Wiki hii tena. Mteja wa Chumbageni, hapa Tanga, kaniletea mashine yake ya kusafisha hewa: "Fundi, inapuliza vizuri kuliko ilipokuwa mpya, lakini mtoto bado kifua kinambana usiku." Nikafungua kifuniko cha nyuma. Filta ya HEPA, ile yenye mikunjo inayonasa vumbi laini, nyeupe pe, inanukia sabuni ya unga. Ilikuwa imefuliwa na kuanikwa kambani juani pamoja na nguo. Mikunjo imelala upande mmoja, gundi ya pembeni imeachia, na kati ya fremu na mikunjo kuna mwanya unaopitisha kidole cha mwisho. Mashine ilipuliza vizuri kwa sababu hewa ilikuwa inapita kwenye mwanya huo bila kuchujwa.

Najua imani hii ya kufua filta imetoka wapi. Sisi mafundi wa AC ndio tuliowazoesha watu kuchomoa ule wavu wa plastiki kila mwezi, kuupiga maji, kuukung'uta na kuurudisha. Gereji nako filta ya hewa ya gari inapulizwa kwa kompresa na kurudishwa palepale. Basi mtu akinunua kisafisha hewa, filta kwake ni kitu cha kuoshwa. Mashine zenyewe zinamchanganya zaidi, maana zinakuja na wavu wa mbele ambao kweli unaoshwa, na kwenye kijitabu kuna picha ya bomba la maji. Picha ile inahusu wavu peke yake. Mtu anaiona, anaosha vyote.

Wavu osha kila baada ya wiki mbili au tatu, ukauke kabisa, urudishe. Sina la kuongeza hapo. HEPA ndiyo inayonichosha.

Watu wanadhani HEPA inafanya kazi kama kifumbu cha kuchujia tui: chicha ni kubwa kuliko tundu, inabaki, unasuuza, kifumbu kinarudi kuwa kilekile. Sivyo kabisa. Ukiitazama HEPA kwa hadubini huoni matundu yaliyopangwa. Unaona nyuzi nyembamba zilizolala ovyo, tabaka juu ya tabaka, na nafasi kati ya uzi na uzi mara nyingi ni kubwa kuliko vumbi linalonaswa. Vumbi linanaswa kwa kugusa uzi na kunata. Chembe kubwa ni nzito, haiwezi kukata kona pamoja na hewa, inaugonga uzi. Chembe ndogo sana inasukumwasukumwa na hewa, inatangatanga huku na huku, mwisho inagusa uzi nayo. Yenye taabu ni ya katikati, karibu mikroni 0.3 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati unywele wa mtu una unene wa mikroni kama 70. Ndiyo maana kipimo cha Marekani kinataka HEPA inase angalau asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3. Hiyo ni saizi ngumu kuliko zote, si kwamba zilizo ndogo zaidi zinapita. Muuzaji akianza kusema zinapita, huwa namkatiza.

Kuna jambo jingine ambalo maduka hayalisemi. Filta nyingi za majumbani ni za polipropilini, aina ya plastiki, na nyuzi zake zimetiwa chaji ya umeme kiwandani. Chaji hiyo inazivuta chembe ndogo, ndiyo maana mtengenezaji anaweza kuzilegeza nyuzi ili feni ndogo isihangaike kuvuta. Sabuni inaiua chaji hiyo. Spiriti inaiua. Moshi wenye mafuta unaifunika kidogokidogo. Baada ya kufua, nyuzi bado unaziona, nyeupe na safi, lakini sehemu kubwa ya nguvu yake imemwagwa na maji ya beseni.

"Basi nitatumia maji matupu, bila sabuni." Naulizwa hili kila mara, na jibu la haki ni kwamba maji matupu hayaiharibu chaji kwa kasi ya sabuni. Lakini yanausukuma uchafu ndani zaidi ya tabaka, yanailaza mikunjo na kuilegeza gundi. Halafu kwa unyevu wa Tanga, kitu chenye mikunjo minene kiasi kile hakikauki upesi katikati, na kabla hakijakauka kinaota ukungu. Ukikiweka juani kikauke haraka, jua nalo linaichakaza polipropilini. Kuipuliza kwa kompresa kunazipasua nyuzi. Zipo filta chache ambazo mtengenezaji mwenyewe ameandika kwamba zinaoshwa. Hizo osha, kwa namna aliyoieleza yeye. Kama hakuandika, usimwandikie wewe.

Sasa turudi kwenye ule upepo, maana hapa ndipo watu wanapodanganyika. Filta ikishafuliwa, mashine inapuliza kwa nguvu zaidi. Mtu anaweka mkono, anaridhika. Lakini upepo mwingi unasema tu kwamba hewa inapita. Hausemi imepita wapi. Na ile taa ya kijani mbele ya mashine inasoma hewa iliyo karibu na kihisio, chumba kikiwa kimetulia. Haiikagui filta.

Mimi napima kwa kipima vumbi kidogo cha leza. Nakishika katikati ya chumba, nasoma. Halafu nakiweka juu kabisa ya mdomo wa kutolea hewa. Filta nzima iliyokaa sawasawa inaishusha namba karibu na sifuri. Ile ya Chumbageni, namba yake ilitofautiana kidogo sana na ya chumba. Mwenyewe aliiona namba, hakunibishia tena. Ila kipimo hiki nacho kina udhaifu wake: alfajiri yenye unyevu mwingi, kipima cha leza kinahesabu matone ya maji kama vumbi, kinazidisha. Kwa hiyo napima mchana, na ninachokiamini ni tofauti kati ya chumba na mdomo wa mashine kuliko namba yenyewe.

Swali gumu ni lini ubadilishe, na hapa vijitabu vinajifanya vina uhakika ambao havina. Vingi vinasema miezi sita hadi 12. Taa ya kubadilisha filta, kwenye mashine nyingi, ni saa tu: inahesabu muda feni iliozunguka, haijui kama umeishi Raskazone upepo wa bahari ukiingia au kando ya barabara ya vumbi Pongwe. Rangi nayo haisemi mengi. Filta inaweza kuwa ya kijivu ndani ya mwezi na bado ina maisha marefu, na nyingine ikawa nyeupe huku chaji yake imekufa. Tena filta inapojaa vumbi, vumbi lenyewe linasaidia kunasa vumbi jingine, kwa hiyo filta iliyoziba inaweza kutoa hewa safi kabisa, ila kiduchu, isiyotosha chumba. Ndiyo sababu naangalia mambo mawili pamoja: usafi wa hewa inayotoka, na wingi wake ukilinganisha na siku ilipowekwa. Ukiwa huna kipima, andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye fremu siku unayoiweka, na uzoee upepo wake ukiwa mpya. Kwa nyumba za hapa zinazotumia mashine kila usiku, mimi huwaambia wateja wasivuke miezi tisa. Namba hiyo haimo kwenye kitabu chochote. Ni makadirio yangu ya fundi, na nyumba yenye jiko la mkaa karibu na dirisha haifiki hapo.

Unataka idumu? Funga madirisha mashine inapofanya kazi, la sivyo unaisafishia hewa mtaa mzima. Ukichoma udi au ubani, zima mashine, acha moshi utoke dirishani, kisha iwashe. Dawa ya mbu ya kuchoma usiitumie kabisa kwenye chumba hicho, tundika chandarua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba kuchoma koili moja ya dawa hiyo kunatoa chembe ndogo sawa na kuvuta sigara 75 hadi 137. Kulala na koili huku kisafisha hewa kinaunguruma pembeni ni kuimaliza filta na kifua kwa pamoja. Wakati wa masika usiiache mashine imezimwa wiki nzima. Izungushe kwa kasi ndogo kila siku ili filta isikae na unyevu.

Kaboni sasa. Ni ile filta nyeusi, kazi yake harufu na baadhi ya gesi. Baadhi ya kaboni hii inatokana na vifuu, vilevile tunavyovirundika uani baada ya kukuna nazi, ila vinachomwa na kupitishwa mvuke kwenye joto la nyuzi 800 hadi 1,000 za Selsiasi hivi mpaka vinakuwa na vitundu visivyohesabika ndani yake. Kwa hiyo, mama, ukiianika kaboni iliyojaa kwenye jua la saa sita huirudishii uhai wake. Jua la Tanga ni kali lakini halifiki huko. Na mkaa wa vifuu ukausaga na kuutia kwenye kitambaa si kitu kilekile. Unyevu wetu pia unavijaza vile vitundu, ndiyo maana kaboni hapa inachoka mapema kuliko HEPA. Ukianza kusikia harufu ya samaki wa jana mashine ikiwa imewashwa, imekwisha. Kile kisponji chembamba cheusi kinachouzwa kama kaboni hakina uzito wa kufanya lolote la maana.

Kubadilisha kwenyewe ni dakika chache. Chomoa umeme. Toa ya zamani taratibu, itie moja kwa moja kwenye mfuko na uufunge, usiikung'ute uani watoto wakiwepo. Ivue filta mpya mfuko wake wa plastiki. Nasema hili kwa sababu nafungua mashine nakuta filta bado imo ndani ya nailoni, feni inalia miezi. Mshale kwenye fremu unafuata hewa inakokwenda. Sponji ya pembeni ikandamize pande zote. Rudisha kifuniko, shikilia kitufe cha filta mpaka taa izime.

Ukinunua, nunua ya saizi ya mashine yako. "Hii inaingia zote, tunaikata tu" ni maneno ya kukimbiwa, kwa sababu ukishaikata umetengeneza mwanya. Tazama kama ina sponji, kama mikunjo imebanana, kama uzito wake unalingana na ile uliyoitoa. Hapa mjini huzikuti kila siku, wengi tunaagiza Dar, kwa hiyo agiza kabla ya taa kuwaka.

Na wale wanaoniuliza kama filta mpya itawaruhusu kuingiza jiko la mkaa ndani usiku wa mvua: hapana. Monoksidi ya kaboni, ile sumu inayotoka kwenye mkaa unaowaka, ni gesi, HEPA haiinasi, na kaboni ya nyumbani haiishiki. Taa ya mashine itabaki kijani, kwa sababu kihisio chake kinasoma vumbi. Jiko likae nje.