Ruzuku Ndogo za Bustani za Mtaa: Dhana Ninazozisikia Kila Wiki

Wiki iliyopita katibu wa kikundi kimoja cha Eastlands, hapa Nairobi, aliniletea fomu ya kuomba ruzuku niipitie kabla hawajaituma. Wako watu 23. Kwa miaka mitatu wamekuwa wakikutana Jumamosi asubuhi kwenye kiwanja kilichokuwa jaa. Wameondoa taka, wamechimba mtaro, wamepanda nyasi na miti, na leo watoto wanacheza hapo. Nikafika kwenye sehemu ya mchango wa kikundi, nikakuta wameandika neno moja: "Hakuna."

Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, "Mwalimu, sisi hatuna pesa. Tuna mikono tu."

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno, na linaniuma kila mara, kwa sababu linawanyima ruzuku watu wanaoistahili kuliko wote.

"Hatuna pesa, kwa hiyo hatuna mchango"

Mikono ndiyo mchango. Mfadhili wa ruzuku ndogo anapouliza kikundi kitatoa nini, hatarajii watu wa mtaa wachange nusu milioni. Anataka kujua kama bustani ina wenyewe. Fomu nyingi huwa na safu mbili, moja ya fedha taslimu na nyingine ya mchango usio wa fedha: nguvu kazi, vifaa, maji, miche, ukumbi wa mikutano, ujuzi. Safu hiyo ya pili vikundi huiacha wazi, au huandika "tutajitolea", na kwa anayesoma fomu hayo mawili ni sawa.

Tuhesabu. Tuseme watu 20 wanafanya kazi saa 4, Jumamosi 2 kila mwezi, mwaka mzima. Hizo ni saa 1,920. Zigawe kwa siku ya kazi ya saa 8, unapata siku 240. Kama kibarua wa kulima na kufyeka mtaani kwenu analipwa shilingi 600 kwa siku, kikundi kinaleta shilingi 144,000. Iweke hesabu hiyo kando ya ombi la shilingi 300,000. Msomaji wa fomu sasa anaona watu ambao kwa kila shilingi mbili wanazoomba, wao wenyewe wanatia karibu shilingi moja. Yule aliyeandika "Hakuna" amefanya kazi ileile, ila ameificha.

Kadirieni kwa bei ya kweli ya mtaani. Fundi wa kuchomelea akijitolea kutengeneza lango, mhesabuni kwa malipo ya fundi, si ya kibarua. Lakini msimgeuze kila mwenye reki kuwa fundi, maana wasomaji wa fomu hizi wanajua bei. Jirani anayewaachia maji ya tangi lake, andikeni mitungi mingapi kwa wiki na mtungi unauzwa bei gani hapo kwenu. Kanisa au msikiti unaowapa chumba cha kukutania, hesabuni kodi ambayo mngelipa kwingine. Kazi ya mwaka juzi haiingii katika bajeti ya mradi unaoanza mwaka huu. Iwekeni kwenye historia ya kikundi, huko inawafaa sana.

Halafu nunueni daftari. Hili nalisema kwa kila kikundi na sitaacha kulisema. Daftari la kurasa 200, mistari ya kawaida. Kila siku ya kazi andikeni tarehe, majina, saa ya kufika, saa ya kuondoka, kazi iliyofanyika, na kila mtu atie sahihi mwenyewe. Lisiwe la kujazwa na katibu nyumbani kwake usiku kwa mwandiko mmoja na kalamu moja. Nimeona madaftari ya namna hiyo yakikataliwa, na yalistahili kukataliwa. Asiyejua kuandika aweke kidole. Baada ya miezi sita mtakuwa na ushahidi ambao mshauri hata wa bei kubwa namna gani hawezi kuwatungia.

Kwa nini mfadhili anajali kiasi hicho? Kwa sababu bustani haiuawi na ukosefu wa pesa za kuanzia. Inauawa na mwaka wa pili. Benchi hununuliwa siku moja, lakini nyasi huota kila mvua, mtaro huziba kila mvua, na taka hurudi usiku wowote ambao hakuna anayeangalia. Kikundi kimoja nilichokifuatilia kilipata pesa kabla hakijawa na desturi ya kufanya kazi pamoja. Wakaweka mabenchi ya chuma na mapipa mazuri. Mwaka haukuisha, vyuma vikawa vimeng'olewa na kuuzwa kama chakavu, na miche iliyobaki ilihesabika kwa vidole. Walipoombwa ripoti hawakuweza kusema nani alikuwa zamu ya kumwagilia.

Hesabu ya namna hii ina mizizi hapahapa kwetu. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti, mwaka 1977, kina mama walipewa malipo madogo kwa kila mche uliopona, si kwa kila mche uliopandwa. Mtu alirudi baadaye, akahesabu, akaandika. Vikundi vya leo vinapenda kutaja jina la Profesa katika ukurasa wa kwanza wa ombi, na ni haki yao, lakini naomba waichukue na ile tabia ya kuhesabu miche iliyopona.

Yule katibu hakuwa na daftari. Alikuwa na picha katika kundi lao la WhatsApp, za Jumamosi moja baada ya nyingine, zenye tarehe. Tulikaa saa tatu tukizipanga, tukizihesabu nyuso, tukaandika historia ya kikundi upya. Safu ya mchango wa mwaka ujao tukaijaza kwa kutumia mahudhurio hayohayo. Nilimkatalia jambo moja tu: kutunga daftari la miaka iliyopita. Daftari lao linaanza Jumamosi hii.

"Ruzuku ni pesa za Uwezo"

Hapana. Hazina ya Uwezo, mfuko wa serikali, ni mkopo kwa vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Hauna riba, lakini unarudishwa. Mfuko wa vijana na ule wa wanawake nao ni mikopo. Bustani ya umma haiuzi kitu, kwa hiyo msikope kwa ajili yake mkidhani ni msaada, kisha wanachama waanze kudaiwa. Ruzuku hairudishwi mkiitumia kama mlivyoandika. Mkiitumia vingine, mnaweza kudaiwa, na hapo pia msishangae.

"Tuna cheti, kwa hiyo kiwanja ni chetu"

Cheti cha kikundi mnachokipata chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 kinasema kwamba nyinyi ni kikundi. Kinahitaji wanachama wasiopungua 10, katiba ya kikundi, kumbukumbu za mkutano wenu na viongozi waliochaguliwa, na kinadumu miaka 2 kabla ya kuhuishwa. Nimeona maombi mazuri yakianguka kwa cheti kilichokwisha muda miezi minne nyuma. Angalieni tarehe leo.

Kuhusu ardhi, cheti hakisemi lolote. Viwanja vya wazi vya mitaani kwa kawaida ni ardhi ya umma inayoshikiliwa na kaunti kwa niaba ya wakazi, na mfadhili atataka barua ya kaunti inayowaruhusu kupatunza. Barua ya chifu inasaidia kuonyesha kwamba mnajulikana, lakini haichukui nafasi ya ile ya kaunti. Iombeni mapema sana, kabla hata tangazo la ruzuku halijatoka, kwa kuwa barua huchukua muda na tangazo halingoji. Mkiwa kando ya mto, kumbukeni pia ukanda wa kingo: kati ya mita 6 na 30 kila upande, kutegemea upana wa mto. Hapo ombeni pesa za miti na mianzi. Ukumbi wa matofali msiutie hata kwenye mchoro.

Na msizungushie ua wenye kufuli. Bustani ikifungwa ili wanachama tu waingie, imeacha kuwa ya mtaa, na hakuna mfadhili wa bustani za umma atakayeigusa.

"Lazima tumlipe mtu anayejua Kiingereza kigumu"

Hili nalijibu kwa ufupi kwa sababu linanikasirisha. Anayedai asilimia fulani ya ruzuku ili awaandikie, mwacheni. Malipo ya namna hiyo kwa kawaida hayaruhusiwi kwenye bajeti, kwa hiyo mtayaficha, na mkiyaficha mmeshaanza mradi kwa risiti ya uongo. Kaeni watu watano, semeni kwa Kiswahili mnataka kufanya nini, wapi, lini, kwa shilingi ngapi na nani atatunza. Kijana wa kidato cha nne atawaandikia hayo kwa Kiingereza chepesi. Wasomaji wa fomu wanapenda sentensi fupi.

"Ombi moja, wafadhili kumi"

Kila mfuko una shabaha yake. Chukueni ule mpango wa ruzuku ndogo wa GEF, mfuko wa kimataifa wa mazingira, unaosimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ulioanza mwaka 1992 na kufika Kenya 1993. Ni mpango halisi na umesaidia vikundi vingi, lakini hutoa pesa kwa mambo kama bioanuwai (wingi wa aina za viumbe), tabianchi na uharibifu wa ardhi, na katika awamu yake ya 6 hapa Kenya ulielekezwa bonde la Ziwa Bogoria, misitu mitakatifu ya Kaya za Wamijikenda na bahari ya pwani ya kusini. Kikundi cha Nairobi kilichotuma ombi la mabembea wakati huo kilipoteza karatasi. Someni tangazo lote, hadi orodha ya maeneo. Bembea lina mfadhili wake, na mti una wake.

"Pesa zikija tu, tunapanda"

Nairobi hupandwa mvua zinapoanza: masika kuanzia Machi, vuli kuanzia Oktoba. Pesa zikiingia Juni na mkapanda Julai kwa sababu mfadhili anataka picha, mtakuwa mnamwagilia kwa mitungi hadi mchoke, na miche itakufa. Ndani ya ombi andikeni ratiba inayofuata mvua: miezi ya kiangazi ya kuchimba mashimo, kuandaa mboji na kukuza miche kitaluni, kisha wiki za kupanda. Mfadhili mzuri atakubali picha za mashimo. Na katika bajeti tengeni miche ya kuzibia mapengo, kwa sababu mingine itakufa hata mkifanya kila kitu sawasawa, na siku ya kuhesabu iliyopona iandikwe nayo kwenye daftari.