Wittgenstein hakuyapa kisogo mapokeo ya falsafa

Wasomaji wengi huamini kwamba Ludwig Wittgenstein, mzaliwa wa Vienna aliyefundisha Cambridge, aliyapuuza mapokeo yote ya falsafa ya Magharibi na kuanza upya. Dhana hiyo ina chanzo chake: aliingia katika falsafa akitokea uhandisi, na maandishi yake hutaja watangulizi kwa nadra sana. Hata hivyo, uchache wa marejeo si ushahidi wa dharau.

Tufungue Uchunguzi wa Kifalsafa, kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1953, miaka miwili baada ya kifo chake. Aya ya kwanza inaanza kwa maneno ya Agostino, mwanafikra wa kale wa Kikristo, ambaye katika kitabu chake Maungamo anasimulia jinsi alivyojifunza kusema kwa kuwatazama wakubwa wakitaja vitu na kuvielekea. Wittgenstein anayanukuu kwa Kilatini, kisha anayahoji kwa subira: je, kila neno ni jina la kitu fulani? Norman Malcolm, mwanafunzi na rafiki yake, alieleza kwamba alimchagua Agostino kwa kuwa fikra iliyoshikwa na akili kubwa kiasi kile haikosi kuwa na uzito. Huo ni upinzani, tena mkali, lakini ni wa mtu anayemheshimu anayebishana naye.

Katika aya ya 46 anamnukuu Sokrate kutoka Theaetetus, majadiliano yaliyoandikwa na Plato. Ujanani alikwisha kumsoma mwanafalsafa Mjerumani Schopenhauer, na Tractatus, kitabu chake cha awali kilichotoka mwaka 1921, inalijadili waziwazi swali la Kant, mwanafalsafa mwingine Mjerumani, kuhusu mkono wa kulia na wa kushoto: kwa nini mikono hiyo inayofanana haiwezi kukaa mmoja mahali pa mwingine.